Mali Bila Daftari



Juma hili twapenda kusema nanyi juu ya jambo linalosemwa sana katika miji na vijiji vya Maniema, lakini husemwa kwa kunong'ona: fedha ambazo wafadhili huvipa vyama vya raia. Jina lake zuri la Kiswahili ni ruzuku. Mkopo hurudishwa kwa fedha. Ruzuku hairudishwi kwa fedha, bali hurudishwa kwa kazi na kwa hesabu. Mtu apokeaye ruzuku kwa jina la wenziwe, kisha asitoe kazi wala hesabu, amekula mali ya watu, hata kama hakuna askari atakayembishia hodi.

Pengine mtu atasema: "Neno hili si letu. Ni neno la wakubwa wa Kindu, wa Kinshasa na wa Ulaya." Sivyo. Kisima cha kijiji, shauri la mpaka wa mashamba, msaada wa mjane aliyekimbia kwao, binti aliyetendewa vibaya na watu wenye silaha: mambo haya yote, katika Kasongo na Kabambare, mara nyingi yamekuwa mikononi mwa vyama. Vyama vikiwa hai, watu hupona. Vyama vikiwa majina matupu, watu huachwa. Kwa hiyo neno hili ni letu sote, wazee kwa vijana.

CHAMA CHA RAIA NI NINI?

Serikali ina kazi yake. Mfanyabiashara ana kazi yake. Jamaa ya nyumbani nayo ina kazi yake. Lakini kati ya nyumba na serikali pana nafasi kubwa, na nafasi hiyo hujazwa na watu waliojiunga kwa hiari yao, kwa faida ya wote, pasipo kutafuta utawala wala faida ya kugawana. Umoja wa wakulima wa mpunga, chama cha akina mama, kamati ya wazazi wa shule, kamati ya maji, tume ya Haki na Amani ya parokia, jamaa ya Waislamu wanaowatunza yatima: hivyo vyote ni vyama vya raia. Watu wa Kongo huviita kwa jumla "sosiete sivile", neno walilolichukua katika Kifaransa.

Katika nchi ya Kongo vyama hivi viliongezeka sana tangu Aprili 1990, Rais Mobutu alipotangaza mwisho wa utawala wa chama kimoja. Katika Mkutano Mkuu wa Taifa wa miaka ya 1991 na 1992, ulioongozwa na Askofu Laurent Monsengwo, wajumbe wa vyama vya raia walikaa pamoja na wajumbe wa vyama vya siasa. Baadaye, tarehe 20 Julai 2001, ilitolewa sheria namba 004/2001, ambayo ndiyo iliyoweka kanuni za vyama visivyotafuta faida. Chama cha namna hiyo chapaswa kuwa na katiba iliyoandikwa, uongozi unaojulikana, na mkutano mkuu wa wanachama wote. Na mkutano huo ndio wenye mamlaka ya mwisho. Mwenyekiti si mwenye chama, ni mtumishi wake.

Neno hili la mwisho tunaliomba likumbukwe, maana ndipo ulipo mzizi wa habari yetu.

NCHI ILIYOPITIWA NA MALI NYINGI

Kasongo na Kabambare ni teritware mbili za kusini mwa Maniema. Walio wengi katika Kabambare ni Wabangubangu; katika Kasongo wapo Wazimba, Wakusu na wengine wengi. Wakristo na Waislamu wameishi humo pamoja tangu zamani. Kasongo ya kale ilikuwa makao ya Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, na Kabambare ilikuwa kituo katika njia ya misafara iliyokwenda Ujiji hata pwani. Pembe za ndovu zilipita hapo, na watu waliofungwa minyororo walipita hapo. Mwaka 1893 jeshi la Dhanis liliitwaa Kasongo. Baadaye Wabelgiji wakawalazimisha wakulima kupanda pamba, nayo pamba ikaenda zake. Na siku hizi ni dhahabu ya Namoya, katika Kabambare.

Mali nyingi imepita katika nchi hii, tena kwa zamani nyingi. Lakini daftari la mali hiyo lilikaa daima mikononi mwa mtu mwingine. Mwenyeji alibeba mzigo asijue bei yake. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ya wafanyabiashara yawafaa hata watu wa vyama.

Kisha vita vikaja. Vita vya kwanza vilianza mwaka 1996. Vya pili vilianza Agosti 1998, na kabla ya mwaka huo kwisha askari wa RCD walikuwa wameishika miji ya Maniema. Mai-Mai wakashika misitu. Mkulima akawa kama punje kati ya mawe mawili ya kusagia: akienda shambani aliitwa mpelelezi wa mji, akirudi mjini aliitwa mpelelezi wa msitu. Mapatano yalitiwa sahihi Pretoria mnamo Desemba 2002, na serikali ya mpito ikaanza kazi mwaka 2003. Lakini katika Kabambare amani haikukaa sawasawa. Mai-Mai waitwao Malaika walipigana na askari wa serikali karibu na Salamabila na Namoya, na kampuni ya Banro, iliyoanza kutoa dhahabu ya biashara Namoya mwanzoni mwa mwaka 2016, ilisimamisha kazi mwaka 2019.

Katika miaka hiyo mirefu serikali ilikuwa mbali. Mwalimu alilipwa na wazazi, mwuguzi alilipwa na wagonjwa. Aliyebaki kuwatazama maskini ni jamaa, dini, na vyama. Jimbo la Kasongo, lililofanywa kuwa jimbo kamili mwaka 1959, lina Caritas yake kama majimbo mengine ya Kongo. Waislamu wana jamaa zao. Akina mama wana vyama vyao. Ndiyo maana wafadhili wa nje, walipotafuta mahali pa kuweka fedha zao, waliwatazama watu hawa.

RUZUKU YAENDAJE?

Yafaa wasomaji wetu, na hasa wanafunzi, wajue njia ya fedha hizi, maana jambo lisilojulikana huzaa uvumi.

Kwanza mfadhili hutangaza kwamba ana fedha kwa kazi fulani. Chama huandika maombi: shida ni ipi, tutafanya nini, kwa muda gani, kwa gharama gani. Kikikubaliwa, hutiwa sahihi mkataba. Fedha haziji zote mara moja, huja kwa mafungu. Fungu la kwanza likiisha, chama hutoa taarifa mbili: moja ya kazi, moja ya fedha. Kila faranga iliyotumika yahitaji hati yake. Hati zisipopatikana, fungu la pili halitoki. Mwishoni huja mkaguzi.

Mara nyingi mfadhili mkubwa haonani na chama kidogo kabisa. Serikali ya ng'ambo hulipa shirika kubwa la kimataifa. Shirika hilo huchagua shirika la Kongo lenye ofisi mjini. Nalo hugawia vyama vya vijijini. Katika kila kituo fungu fulani hubaki kwa mishahara, magari na ofisi. Si wizi. Ni gharama zilizoandikwa. Lakini mwanakijiji asiyeonyeshwa hesabu huona tu kwamba mto ulikuwa mpana kule ulikotoka, na kwake umefika kijito.

Tazameni pia taabu ya chama chenyewe. Mkataba umeandikwa kwa Kifaransa, pengine kwa Kiingereza, na wanachama husema Kiswahili. Mfadhili ataka hati ya duka yenye mhuri, lakini mama auzaye muhogo sokoni hana mhuri, na kijana aliyevusha mzigo mtoni kwa mtumbwi hana daftari la stakabadhi. Mfadhili hulipa mafundisho na mikutano, lakini huwa mzito kulipa kodi ya nyumba ya chama au mshahara wa mtunza hesabu. Kisha hushangaa kuona hesabu hazikutunzwa.

MPANGO ULIOITWA TUUNGANE

Sasa twaja kwenye mfano mkubwa, wenye mafundisho kwetu.

Mwaka 2007 ulianzishwa mashariki mwa Kongo mpango uliopewa jina la Kiswahili, Tuungane. Fedha zilitoka kwa serikali ya Uingereza. Kazi ilisimamiwa na shirika la International Rescue Committee pamoja na CARE. Mpango ulienea katika Kivu Kusini, Maniema, na Katanga ya wakati ule, na katika Maniema kazi ilikuwa mikononi mwa CARE. Hatua ya kwanza ilifikia vijiji vipatavyo 1,250, vyenye watu wapatao 1,780,000.

Nia yake ilikuwa njema. Kila kijiji kilichagua kamati kwa kura. Katika nusu ya mahali ilipasa wanawake wawe sawasawa na wanaume katika kamati. Katika nusu nyingine sharti hilo halikuwekwa. Kijiji kilipewa ruzuku ya dola 3,000 hivi za Marekani, na jumuiya ya vijiji kadhaa ilipewa dola kati ya 50,000 na 70,000. Watu wenyewe walichagua kazi ya kufanya, na wengi walichagua shule. Lakini kujenga hakukuwa shabaha pekee. Ilitumainiwa kwamba kwa kupiga kura, kukaa katika kamati na kuona hesabu, watu wangejifunza kujitawala vizuri, kuaminiana baada ya vita, na kuwauliza wakubwa wao maswali.

Kwa kuwa vijiji havikutosha kupewa vyote, vilichaguliwa kwa bahati nasibu mbele ya watu. Hivyo wachunguzi watatu wa Chuo Kikuu cha Columbia, yaani Macartan Humphreys, Raul Sanchez de la Sierra na Peter van der Windt, waliweza kulinganisha vijiji vilivyopata na vilivyokosa. Walifanya jaribio la busara: vijiji vipatavyo 560, vingine vya Tuungane na vingine visivyo vya Tuungane, vilipewa kila kimoja dola 1,000, navyo vikaachiwa vijiamulie matumizi yake. Kisha wakatazama: nani ataamua? Nani ataandika? Nani atauliza? Nani atakula?

Taarifa yao ilitoka mwaka 2012. Waliona kwamba kazi za Tuungane zilifanyika na watu walizifurahia. Lakini katika namna ya kuamua, ya kutunza fedha, na ya kuwauliza viongozi, hawakuona tofauti ya maana kati ya vijiji vilivyopitia mafundisho ya Tuungane na vile vingine. Na ile kanuni ya wanawake kuwa sawa katika kamati haikuonekana kubadili nafasi ya wanawake kijijini zaidi ya mahali isipokuwapo.

Msitudhanie kwamba twadharau kazi hiyo. Mtoto aketiye chini ya mabati wakati wa mvua, ambaye zamani aliketi chini ya majani yavujayo, hadharau. Twasema hivi tu: ruzuku ilijenga kuta. Desturi haikujengwa.

KWA NINI ILIKUWA HIVYO?

Kwa fikira zetu, sababu ni tatu.

Ya kwanza ni wakati. Mradi una tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Desturi ya watu haina tarehe hizo. Mahali ambapo vita vimekaa miaka mingi, ambapo jirani alimshitaki jirani kwa askari, uaminifu haurudi kwa mikutano michache. Mche wa mchikichi hautoi mafuta kwa sababu mwenye shamba ana haraka.

Ya pili ni mwanzo wa kamati yenyewe. Kamati iliyozaliwa ili kupokea fedha hufa fedha zikiisha. Haikuzaliwa na shida ya watu, ilizaliwa na sharti la mfadhili. Siku gari jeupe linapoacha kuja, mwenyekiti hurudi shambani, na daftari hutumiwa na watoto kuchorea.

Ya tatu, nayo ndiyo kubwa, ni swali hili: fedha hizi ni za nani? Mtu aliyetoa faranga yake ya jasho huuliza, "Faranga yangu i wapi?" Mtu aliyepewa cha mgeni huona haya kuuliza, au hujiambia, "Si changu, basi na kiliwe." Mwenyekiti naye, akijua kwamba atakayemkagua yu Kinshasa au London, hutazama Kinshasa na London, hawatazami wanachama walioketi mbele yake. Hapo chama kimegeuzwa kichwa chini miguu juu.

SANDUKU LENYE KUFULI TATU

Je, yapo mafundisho mengine? Yapo, na hayako mbali.

Mwaka 1991, katika nchi ya Niger, shirika la CARE lilianza kuwasaidia wanawake wa vijijini kuweka akiba kwa namna nyepesi. Namna hiyo imeenea Afrika nzima, hata Maniema. Katika Kongo vyama hivyo huitwa AVEC. Watu kumi na watano hadi ishirini na watano, au zaidi kidogo, hukutana kila juma. Kila mmoja hununua hisa kwa fedha zake mwenyewe, na hisa zake hupigwa mhuri katika kijitabu chake, hata asiyejua kusoma aweze kuzihesabu. Fedha hutiwa katika sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na watu watatu, na sanduku lenyewe hukaa kwa mtu wa nne. Halifunguliwi ila mbele ya wote. Wanachama hukopeshana, hurudisha na nyongeza kidogo, na mwisho wa mwaka hugawana walichokusanya. Kipo pia kifuko kidogo cha msiba na ugonjwa.

Katika chama hiki hakuna mkaguzi wa kutoka mbali. Mkaguzi ni jirani aliyeketi kwenye mkeka. Katiba yao ni fupi, lakini kila mtu aijua kwa moyo. Mtunza fedha akikosea, hukosolewa siku ile ile, kwa lugha anayoielewa. Tena chama hiki kinaweza kuwaweka pamoja Mkristo na Mwislamu, Mbangubangu na Mzimba, mwenyeji na mkimbizi, kwa sababu hesabu haina kabila.

Mfano mwingine ni wa Kasongo yenyewe. Katika miaka ya 1970 waganga wa Kongo pamoja na wa Chuo cha Tiba cha Antwerp, Ubelgiji, walijaribu Kasongo namna mpya ya matibabu: vituo vidogo karibu na watu, hospitali moja ya kuvisaidia, na mgonjwa kuchangia kiasi kinachojulikana. Kazi hiyo ya Kasongo ilijulikana mbali, ikawa mojawapo ya mifano ya kanda za afya zilizowekwa katika nchi nzima miaka ya 1980. Miradi mingapi imesahauliwa tangu hapo! Lakini kanda ya afya imebaki, kwa sababu ilitiwa ndani ya maisha ya kila siku, haikuwekwa kando kama mgeni.

Kwa hiyo neno letu ni hili: ruzuku huimarisha chama kilicho hai, haiwezi kukipa uhai chama kisicho nao. Kama mbolea, hulisha mmea uliokwisha kuota. Ukiimwaga juu ya jiwe, utapata jiwe chafu.

MASWALI MATANO KABLA YA KUTIA SAHIHI

Twajua kuna vyama vya mfukoni. Mwenyekiti ni mume, mtunza fedha ni mkewe, mwandishi ni mpwa wao, na mhuri umo mfukoni mwa koti. Chama cha namna hiyo huandika maombi mazuri kuliko vyote, maana hakina kazi nyingine. Wanachama wa kweli wajilinde, na kabla ya kupokea ruzuku waulizane mambo haya matano.

Kwanza: tulikuwa tukifanya kazi hii kabla ya kusikia habari za fedha? Kama hatukuwa, tumeifuata fedha.

Pili: kila mwanachama anatoa mchango wake, hata ukiwa kikombe cha karanga? Asiyetoa haulizi.

Tatu: mkataba umesomwa kwa Kiswahili mbele ya mkutano wote, pamoja na jumla ya fedha? Siri ya jumla ndiyo mama wa wizi.

Nne: ni watu wangapi wanaweza kuzifikia fedha? Akiwa mmoja, hata akiwa mtu mwema, mmemtia majaribuni. Wawe watatu, wasiwe wa nyumba moja.

Tano: fedha zikiisha mwezi ujao, ni kazi gani itakayoendelea? Kama jibu ni "hakuna", punguzeni ombi lenu mpaka jibu lipatikane.

NENO KWA WATOAJI

Haki yataka tuseme pia na upande wa pili. Papa Pius XI, katika barua yake Quadragesimo Anno ya mwaka 1931, alifundisha kwamba si haki jumuiya kubwa kunyang'anya kazi ambayo jumuiya ndogo yaweza kuifanya. Wakubwa wa dunia nao wamesema maneno ya jinsi hiyo. Mwaka 2016, katika mkutano wa Istanbul, watoaji wakubwa na mashirika makubwa waliahidi kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha za dharura zingefikishwa kwa wenyeji kwa njia iliyo fupi iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulipita, na ahadi hiyo haikutimizwa.

Basi twawaomba watoe kidogo kwa miaka mingi kuliko kutoa kingi kwa miezi michache. Wakubali hati iliyoandikwa kwa Kiswahili na kutiwa dole gumba la muuza muhogo mbele ya mashahidi wawili. Walipe mtunza hesabu, kwa maana huwezi kumdai mtu daftari ukamnyima kalamu. Na jumla ya fedha walizozitoa waitangaze hadharani, sokoni, kanisani na msikitini, ili mwenye kuuliza awe na la kuulizia.

FEDHA ZAPUNGUA

Mambo haya hayawezi kungoja, na sababu yake ni hii. Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Marekani, iliyokuwa mtoaji mkubwa kuliko wote wa misaada ya dharura katika Kongo, ilisimamisha misaada yake, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la USAID likafungwa. Uingereza nayo, ambayo ndiyo iliyolipia Tuungane, ilitangaza Februari 2025 kwamba itapunguza msaada wake kutoka nusu ya moja kwa mia ya pato la taifa hadi sehemu tatu za kumi za moja kwa mia ifikapo 2027.

Chama kilichoishi kwa ruzuku tu kitafunga mlango. Na nyuma ya mlango huo kuna watu: mjane wa Salamabila, mtoto asiye na shule, binti asiye na mtu wa kumpeleka hospitali. Mtumaini cha nduguye hufa maskini, wasema wazee. Na sharti tuone kwamba atakayekufa kwanza si mwenyekiti wa chama.

Lakini ipo mali ambayo haitoki Ulaya. Sheria ya migodi ya Kongo, iliyorekebishwa Machi 2018, yasema kwamba katika ada ya madini sehemu 15 kwa mia ni za eneo la wenyeji lenye mgodi, na 25 kwa mia ni za jimbo la utawala; tena kampuni yatoe sehemu tatu za elfu moja za mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi. Hii si sadaka, ni haki. Namoya imo Kabambare. Siku mgodi mkubwa utoapo dhahabu, nani atauliza ni kiasi gani kilichouzwa, na kisima kiko wapi? Mtu mmoja akiuliza peke yake, ataitwa mchochezi. Chama chenye katiba, wanachama na hesabu safi kikiuliza, ni vigumu kukinyamazisha. Lakini chama kisichoweza kuonyesha hesabu zake chenyewe kitaulizaje hesabu za mwingine?

Enyi wanafunzi wa Kasongo na Kabambare, kwa mwisho twasema nanyi. Wazee wenu wengi wana akili ya kuongoza na ujasiri wa kusema, lakini vita viliwanyima kalamu. Ninyi mnajua kuandika na kujumlisha. Jumapili hii mwende kwa chama cha mama zenu, mwombe kuwaandikia daftari bila malipo: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na sahihi ya watatu. Kisha msome kwa sauti, kila mtu asikie. Ni kazi ya nusu saa kwa juma. Mfadhili akija, atalikuta daftari. Asipokuja, chama kitakuwa nalo vile vile, na juma litakalofuata kitakutana kama kawaida.